Je, Ajuaye Farasi Hachezi Kamari?

Leo twataka kuchungua swali moja la dhamiri, na mfano wetu tutautoa mbali, katika viwanja vya mbio za farasi vya Marekani. Msishangae. Mara nyingi jambo la mbali huonekana wazi kuliko lile lililo mlangoni petu, kwa kuwa halituumi. Tukiisha kuliona huko, twaweza kurudi nyumbani na kulitambua.

Watu wawili wafika uwanjani siku moja, saa sita mchana. Wa kwanza amekuja kustarehe, wala hajui farasi. Anatazama orodha ya mashindano ya siku, anaona namba 7, na kwa kuwa binti yake alizaliwa tarehe 7, anaweka dola mbili juu ya farasi huyo. Wa pili hakulala mapema usiku. Alikaa mezani na gazeti na penseli, akasoma habari za kila farasi atakayekimbia, tangu shindano la kwanza hata la tisa, akaandika alama zake pembeni. Naye aenda kwenye dirisha lile lile, anaweka dola mbili zake. Ukimwambia, "Ndugu, wewe na yule mwacheza kamari," atakasirika. Atajibu: "Yule ndiye achezaye kamari. Mimi nafanya kazi ya akili. Yeye abahatisha, mimi najua."

Je, asema kweli? Hilo ndilo swali letu: elimu yaweza kuigeuza kamari ikawa kazi ya haki?

Yale anayoyasoma

Tusimhukumu mtu kabla ya kumsikia. Tuone kwanza alikuwa akisoma nini usiku ule.

Farasi hawa si wa kubeba mizigo. Ni farasi wa nasaba, ambao ukoo wao umetunzwa kitabuni. Kwa upande wa baba, wote duniani hutoka katika madume watatu tu, walioletwa Uingereza kutoka nchi za Waarabu na Waturuki mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18. Kitabu cha nasaba zao kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1791. Basi kila farasi anajulikana baba yake, mama yake na babu zake.

Matendo yake pia yajulikana. Huko Marekani gazeti la Daily Racing Form, lililoanzishwa Chicago mwaka 1894, huandika habari za kila farasi katika mistari midogo: alikimbia tarehe gani, uwanja gani, umbali gani, ardhi ilikuwa kavu au tope, alikuwa wa ngapi katikati ya njia na wa ngapi mwishoni, alibeba uzito gani, na nani alimpanda. Asiyezoea aona tarakimu tupu. Aliyezoea aona maisha mazima ya mnyama.

Mbele ya mistari hiyo, msomaji hodari hujiuliza maswali manne.

La kwanza: farasi huyu alishindana na nani? Kuwa wa nne mbele ya mashujaa huenda ni bora kuliko kuwa wa kwanza mbele ya wanyonge.

La pili: mwendo wake ulikuwa wa namna gani kweli? Saa peke yake yadanganya, kwa maana siku nyingine ardhi ni ngumu na wote wakimbia upesi, siku nyingine ni nzito na wote wachelewa. Mwandishi mmoja wa Marekani, Andrew Beyer, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 jinsi ya kuipima siku yenyewe kwanza, ndipo kumpima farasi. Tangu mwaka 1992 hesabu zake zachapwa katika gazeti lile.

La tatu: leo shindano litakwendaje? Wakiwapo farasi wanne wapendao kuongoza tangu mwanzo, watachoshana wao kwa wao, na yule avutaye pumzi nyuma atawapita mwishoni. Akiwapo mmoja tu apendaye kuongoza, huenda asishikwe kamwe.

La nne: mbona farasi huyu yupo hapa leo? Swali hili lina maana hasa katika mashindano ya kuuza. Huko kila farasi amewekewa bei, na mtu mwenye kibali aweza kutoa hati kabla ya mbio ili amnunue kwa bei hiyo. Ni desturi yenye hekima, kwa sababu inamzuia mwenye farasi asifanye hila. Akimwingiza farasi wa dola 50,000 kati ya farasi wa dola 10,000 ili ashinde bila taabu, huenda jioni akarudi nyumbani na kamba mkononi bila mnyama. Kwa hiyo farasi mzuri akishushwa bei ghafula, msomaji huuliza: je, miguu yake yauma?

Haya yote ni elimu ya kweli, wala tusiidharau. Farasi si vipande vya dadu. Katika shindano la farasi wanane, kama mambo yangekuwa ya bahati tupu, farasi yeyote angeshinda mara moja katika nane. Lakini huko Marekani yule apendwaye na watu wengi kuliko wote hushinda karibu theluthi moja ya mashindano. Basi watu wajua kitu, na mtu wetu wa pili ajua zaidi. Hapo tumpe haki yake.

Fedha yatoka wapi?

Sasa tumwulize jambo jingine. Tuseme umejua. Je, ni nani anayekulipa kwa kujua kwako?

Zamani mtu aliweka dau na mwenye daftari, nao wawili walipatana bei. Lakini mwaka 1867, mjini Paris, Joseph Oller alianzisha njia nyingine, ambayo leo yatumika Ufaransa, Marekani na nchi nyingine nyingi. Fedha za wote hutiwa katika chungu kimoja. Wenye uwanja huondoa fungu lao kwanza. Kinachobaki hugawanywa kati ya wale waliomchagua mshindi, kila mtu kwa kadiri ya dau lake. Uwanja haushindani na mtu yeyote. Washindani ni watu wenyewe kwa wenyewe.

Tufanye hesabu kama darasani. Watu wametia dola 10,000 katika chungu. Fungu la uwanja, la kodi na la zawadi za wenye farasi ni kama sehemu 17 katika 100. Katika michezo ya kukisia farasi wawili au watatu kwa mpangilio, fungu hilo mara nyingi hupita sehemu 20. Zabaki dola 8,300. Ikiwa dola 4,000 ziliwekwa juu ya farasi apendwaye, naye akashinda, kila dola moja yarudi dola mbili na senti chache. Basi, kusudi asipate hasara, mtu amchaguaye farasi wa namna hiyo sharti ashinde zaidi ya mara 48 katika 100. Lakini umati, kwa kumpa 4,000 katika 10,000, umesema kwamba atashinda mara 40 tu. Haitoshi kujua kama umati unavyojua. Haitoshi hata kujua kupita umati kwa kidogo. Sharti uwazidi sana, wala si siku moja tu.

Tena, kama umati huo wote ungetia chunguni kila ulichorudishiwa, tangu shindano la kwanza hata la tisa, zile dola 10,000 zingekuwa chini ya 1,900 jioni. Hakuna aliyeiba, wala hakuna farasi aliyedanganya. Wahenga walisema: cha mlevi huliwa na mgema.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Mwaka 1973, katika shindano la Belmont huko New York, farasi aitwaye Secretariat alishinda kwa urefu wa farasi 31. Waliosema atashinda walisema kweli kabisa. Walilipwa nini? Kwa dola mbili walirudishiwa dola mbili na senti 20. Mbona kidogo hivi? Kwa sababu kila mtu alijua. Ukweli ujulikanao na wote haulipi katika uwanja wa mbio. Kumbe yule msomaji wa usiku halipwi kwa sababu ya kumjua farasi. Alipwa kwa sababu jirani yake hakumjua. Faida yake yatoka katika kosa la mtu yule wa namba 7, aliyesimama nyuma yake dirishani.

Je, ni wizi?

Hapana, si wizi. Yule wa namba 7 alikuja kwa hiari yake. Alijua kwamba huenda atapoteza dola mbili, nazo zilikuwa bei ya starehe yake, kama anunuavyo tikiti ya kutazama mpira. Akirudi nyumbani na watoto wake wakila, hakuna aliyedhulumiwa. Kanisa Katoliki lenyewe, katika Katekisimu yake ya mwaka 1992, halisemi kwamba michezo ya bahati na dau ni kinyume cha haki kwa asili yake. Lafundisha kwamba yawa ovu yanapomnyima mtu vitu vya lazima kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine, na laonya kwamba tamaa ya mchezo yaweza kumfanya mtu mtumwa.

Lakini tukisema si wizi, hatujasema bado kwamba ni kazi kama kazi nyingine. Mshona viatu akinizidi kwa ufundi, mimi napata viatu. Mkulima akinizidi kwa maarifa ya mvua na udongo, mimi napata mahindi sokoni. Elimu ya hao yawalisha wao, nayo yatulisha sisi. Elimu ya mtu wa gazeti haimpi jirani kitu chochote: alichopata huyu ndicho alichopotewa yule, wala hakikuongezeka hata punje moja.

Wala tusidhani kwamba kosa li katika elimu yenyewe. Yuko mtu mwingine uwanjani asomaye mistari ile ile kwa kazi nyingine kabisa. Ni yule awapimiaye farasi uzito. Katika mashindano ya namna hiyo, farasi mwenye nguvu huongezewa vipande vya risasi katika matandiko yake, na mnyonge hupunguziwa, kusudi wote wawe na tumaini. Huko Melbourne, Australia, farasi Phar Lap alishinda kombe kubwa la mwaka 1930 akiwa na mzigo wa karibu kilo 63. Mwaka 1931 alipimiwa kilo 68, akawa wa nane. Mpimaji hulipwa mshahara wake, na kujua kwake hakumpunguzii mtu mfuko. Mmoja asoma ili alete usawa. Mwingine asoma ili atafute mahali ambapo usawa umekosekana, apate kuingia hapo. Elimu ni moja, nia ni mbili.

Mpaka wa kujua

Twende mbele. Je, kujua kwenyewe kwafika wapi?

Mwezi wa Mei, mwaka 2022, farasi 20 walikimbia shindano kubwa la Kentucky, mjini Louisville. Mmoja wao, Rich Strike, hakuwamo katika orodha hata asubuhi ya siku iliyotangulia. Aliingia kwa sababu farasi mwingine aliondolewa. Mwaka uliotangulia alikuwa amenunuliwa katika shindano la kuuza kwa dola 30,000. Wenye magazeti na penseli, isipokuwa wachache sana, walimpita bila kumtazama. Akawashinda wote. Kwa dola mbili alilipa dola 163 na senti 60. Namba yake ilikuwa 21, na kila mtu aliyempenda kwa sababu tu ya tarehe 21 alipokea malipo yale yale ambayo mwenye elimu angepokea.

Siku kama hiyo haibatilishi elimu. Yaonyesha mpaka wake tu. Gazeti laeleza yaliyopita, na farasi atakimbia katika yajayo. Kati ya hayo mawili kuna jiwe dogo njiani, homa isiyoonekana, mpandaji aliyefungiwa njia na wenzake. Mtu mwenye busara haoni aibu kuukiri mpaka huo.

Mfano wake twaupata kwa Bill Benter, Mmarekani aliyekwenda Hong Kong katika miaka ya 1980, akapata mali nyingi kwa kuwapima farasi kwa kompyuta. Mwaka 1994 alichapisha maelezo ya njia yake. Humo alionyesha kwamba hesabu zake peke yake hazikutosha; zilikuwa bora alipozichanganya na maoni ya umati, yaani kiasi cha fedha walizoziweka watu juu ya kila farasi. Huyo aliyejua kuliko wote alikubali kwamba watu wasio na kompyuta walijua kitu asichokijua yeye. Ni wangapi wetu wenye elimu ndogo tukubalio hivyo?

Hatari ya mwenye kujua

Sasa twafika penye kiini cha jambo. Watu hudhani kwamba mjinga ndiye aliye hatarini katika kamari, na kwamba mwenye elimu amesalimika. Mimi naona mara nyingi ni kinyume chake.

Mjinga akishindwa husema, "Bahati mbaya," akaenda zake. Dola zake mbili zimekwisha na siku imekwisha. Lakini mwenye elimu akishindwa, elimu yake humletea udhuru. Husema: "Nilikuwa na haki. Mpandaji ndiye aliyekosea." Au: "Mvua ilinyesha." Au: "Alishindwa kwa pua tu, mara nyingine hatashindwa." Na akishinda hasemi kwamba mpandaji wa farasi mwingine alikosea. Husema: "Mwaona? Najua." Hivyo kila ushindi ni ushahidi wa akili yake, na kila hasara ni kosa la mtu mwingine. Elimu isiyokubali kamwe kwamba imekosea si elimu tena. Ni kiburi kilichovaa miwani.

Mtu wa namna hii hukopa, kwa maana asiyejua haoni sababu ya kukopa, bali ajuaye aona sababu. Huchukua karo ya shule akiwaza: "Nitairudisha Jumatatu pamoja na ziada." Hamwibii mke wake, amkopea tu, naye yu hakika. Hakika hiyo ndiyo inayomwangusha.

Nao wasomaji hodari wa kweli, ambao si wengi, hutambulikana kwa dalili mbili. Kwanza, katika mashindano tisa ya siku hukaa kimya katika mengi. Hufunga gazeti na kusema, "Hili silijui." Pili, huandika kila dau, lililoshinda na lililoshindwa, hata lile la aibu, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari. Akumbukaye ushindi peke yake hadanganywi na farasi; ajidanganya mwenyewe.

Turudi nyumbani

Ndugu wasomaji, wengi wetu hatutaona kamwe farasi wa nasaba akikimbia. Lakini jambo hili halikai mbali. Katika Senegal, Mali na Burkina Faso tikiti za mbio za farasi za Ufaransa zauzwa mijini, na watu wawasoma farasi ambao hawatawagusa maishani mwao. Katika miji ya Kongo na ya Afrika ya Mashariki vijana wawasoma wachezaji wa mpira wa Ulaya kwa namna ile ile: nani ameumia, nani acheza nyumbani, nani alifunga juma lililopita. Kijana wa namna hiyo hawezi kuambiwa kwamba anacheza kamari. Naye atajibu: "Mimi najua mpira." Na ni kweli, aujua.

Basi tusimwambie kwamba hajui. Hatatusikia, na tutakuwa tumesema uongo. Afadhali tumwulize maswali matatu.

Kwanza: fedha hii ni ya nani? Kama ni ya chumvi, ya dawa au ya karo, si yako, hata kama imo mfukoni mwako. Wala kujua kwako hakuigeuzi ikawa yako.

Pili: waweza kuacha? Si kuacha kesho; kuacha shindano hili lililo mbele yako, ambalo moyoni wajua kwamba hulijui. Asiyeweza kusema "silijui" hachagui tena, amechaguliwa.

Tatu: daftari lako li wapi? Lilete, tusome pamoja mwezi mzima, mstari kwa mstari. Kama huna, basi elimu yako umeihubiri tu, hujaipima.

Tumjibu sasa yule mtu wa dirishani. Ndugu, ni kweli wewe wajua zaidi ya jirani yako. Lakini dau ni dau. Elimu yako haikuondoa bahati. Imepunguza sehemu yake tu, na fungu la chungu lakatwa kwako sawasawa na kwa yule wa namba 7. Ukicheza kwa kilicho chako, kwa kiasi, ukijua pia usichokijua, hatukuhukumu. Lakini usiseme kwamba huchezi. Siku utakaposema hivyo ndiyo siku utakayoleta dirishani fedha ya watoto, kwa maana nani aogopaye kuweka fedha ya watoto katika kazi ya haki?

Na ninyi wazazi na walimu, mkifundisha hesabu, fundisheni na hesabu ya chungu. Chukueni mahindi mia moja, mtoe sehemu 17 katika 100 kila mara, mgawanye yaliyobaki, mtoe tena, hata mara tisa. Mtoto aliyeona kwa macho yake jinsi mahindi yanavyokwisha, bila mtu kuiba hata punje moja, hatahitaji maonyo mengi atakapokuwa mkubwa.